Mtoro naye ana mwalimu wake: kwa nini ikama isifungwe kwenye mahudhurio

Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vigawiwe kwa walimu, na shule zianze kuingiza taarifa zake katika mifumo ya kidijitali badala ya kungoja fomu zipande basi hadi makao makuu ya wilaya, mahudhurio ya wanafunzi yamekuwa takwimu inayoweza kusomwa mbali na shule yenyewe. Zamani idadi ya watoto waliokuwapo darasani Jumanne fulani ilijulikana kwa mwalimu wa darasa, kwa mwalimu mkuu, na pengine kwa Afisa Elimu Kata akibahatika kupita siku hiyo na pikipiki yake. Urahisi huu mpya umekuja na wazo ambalo linazidi kupata watetezi katika mazungumzo ya elimu hapa Nyanda za Juu Kusini: kwamba walimu wagawiwe kwa kufuata wanafunzi wanaohudhuria badala ya wale walioandikishwa. Wanaolitetea huliona kuwa jambo la ukweli wa hesabu tu. Wanaolipinga, wengi wao walimu, huliona kuwa njia ya kichinichini ya kubana ajira. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimebisha mlango usio wake. Kinachobishaniwa hapa ni nani anamdai nani. Ikama, yaani idadi ya walimu ambayo shule inastahili kuwa nayo, ni deni la serikali kwa kila mtoto aliyeandikishwa, pamoja na yule ambaye leo hayupo. Na kwa kuwa kuwapo kwa mwalimu ni miongoni mwa sababu kubwa zinazomfanya mtoto aje shuleni, kuifunga ikama kwenye mahudhurio ni kumnyang'anya mgonjwa dawa kwa kosa la kuugua.

Ikama ya shule zetu za msingi imejengwa juu ya uwiano ambao kila mwalimu mkuu anaujua kwa moyo: mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 kuanzia darasa la kwanza, na mmoja kwa watoto 25 wa awali. Idadi inayogawanywa ni ya walioandikishwa. Ukiingia ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya serikali, iwe Kyela au Kilolo, aghalabu utakuta ukutani ubao au karatasi ya manila yenye safu za mahitaji, waliopo na upungufu, na karibu yake ubao wa mahudhurio wenye vifupisho vya WAV, WAS na JML, ambao chaki yake hufutwa na kuandikwa upya kila asubuhi baada ya walimu wa madarasa kuita majina. Mbao hizo mbili zimekaa ukuta mmoja kwa miaka mingi bila kuulizana habari. Wazo ninalolizungumzia linataka ule wa pili uuamuru ule wa kwanza.

Si ajabu kwamba wazo hilo limezaliwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulipoanza mwaka 2002 na ada kuondolewa, na tena Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipoleta elimu bila ada kuanzia Januari 2016, shule zilifurika. Pamoja na watoto wa kweli walikuja pia wa kwenye karatasi. Ruzuku ya uendeshaji huhesabiwa kwa kichwa, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka (kiwango kilekile cha zama za MMEM, ingawa hakuna chochote dukani kilichobaki na bei ya zama hizo), na pale fedha inapohesabiwa kwa kichwa, vichwa huongezeka. Uhakiki ulioagizwa na serikali mwaka 2016 uliibua wanafunzi hewa kwa maelfu. Mtu aliyeyaona hayo ana haki ya kuuliza kwa nini tuendelee kugawa kitu adimu kama mwalimu kwa kutumia orodha ambayo iliwahi kudanganya.

Kuna pia sababu ya pili, na hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Katika shule za Jiji la Mbeya au za pembezoni mwa Manispaa ya Iringa, mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kusimama mbele ya watoto mia na zaidi, wote wapo, kila siku, wamebanana mpaka wengine wameketi sakafuni. Huko ndani, kwenye kijiji ambacho pikipiki ndiyo usafiri pekee, mwenzake anafundisha watoto ishirini na wachache kati ya arobaini walio kwenye daftari. Kwa karatasi wa pili naye ana darasa linalokaribia kujaa. Kwa macho, ana nusu yake. Mwalimu wa mjini akisema anaonewa, hasemi uongo. Hoja hii haijibiwi kwa kumwambia avumilie, na yeyote anayeipinga kanuni ya mahudhurio bila kuigusa anajiepusha na sehemu ngumu ya mjadala. Nitairudia baada ya kuonyesha hesabu yenyewe inavyokwenda, kwa sababu ndani ya hesabu ndimo wengi wanamopotelea.

Tuchukue shule ya mfano ya kijijini yenye wanafunzi 252 kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, wastani wa 36 kwa darasa. Ukigawanya kwa 45 unapata 5.6, kwa hiyo shule inastahili walimu sita. Mahudhurio yake yakiwa asilimia 75, idadi ya kugawanya inashuka hadi 189 na jibu linakuwa 4.2, yaani walimu wanne. Sasa chukua shule ya mjini yenye wanafunzi 1,350. Kwa walioandikishwa inastahili walimu 30, na kwa mahudhurio ya asilimia 95 inastahili 28 au 29. Shule ya mjini imepoteza mmoja au wawili kati ya thelathini. Ratiba itapangwa upya na maisha yataendelea. Shule ya kijijini imepoteza wawili kati ya sita. Lakini madarasa yake hayajapungua. Yalikuwa saba na yamebaki saba, kwa kuwa watoto wasiokuja hawatoki wote darasa moja. Wanatoka watatu huku, kumi kule. Ilipokuwa na walimu sita, kila kipindi darasa moja lilikaa bila mwalimu. Ikiwa na wanne, madarasa matatu yanakaa bila mwalimu kila kipindi, na hapo tumechukulia kwamba mwalimu mkuu hakuitwa wilayani, hakuna aliye likizo ya uzazi, na hakuna aliyefuata mshahara benki. Kupunguza theluthi ya walimu kumeongeza mara tatu madarasa yasiyofundishwa. Hili ndilo uwiano wa moja kwa 45 hauwezi kulionyesha hata ukipigwa kwa uangalifu wa namna gani, kwa sababu uwiano huhesabu watoto na haujui kwamba watoto wa darasa la pili na wa darasa la sita hawawezi kufundishwa Hisabati moja.

Wapo watakaosema kwamba walimu wanne hao waunganishe madarasa, na kweli ufundishaji wa madarasa mseto upo na walimu wengi wa vijijini wameufanya kwa miaka bila kuambiwa na mtu. Ukifanywa vizuri unafaa. Unahitaji, hata hivyo, mafunzo yake, vitabu vyake na mtaala uliopangwa kwa ajili hiyo, na hatujauandaa kwa kiwango hicho. Kuufanya uwe njia ya kufidia walimu tuliowaondoa, bila maandalizi, ni kuwapa watoto wa kijijini elimu ya namna nyingine bila kusema wazi kwamba tumeamua hivyo.

Twende sasa kwenye kiini cha kutoelewana. Watetezi wa kanuni ya mahudhurio huzungumza kana kwamba mahudhurio ni tabia ya eneo, kitu kilichopo kabla ya serikali kufanya lolote, kama vile mvua au rutuba. Nusu yake ni kweli. Kwenye skimu za mpunga za Usangu, msimu wa kwelea kwelea ukifika, watoto huamkia mashambani kuamia ndege kabla jua halijachomoza, na hakuna kengele ya shule inayoshinda kelele ya makopo yale. Kwenye mashamba ya viazi ya Njombe na Umalila, siku za kuvuna ni siku za mikono yote ya nyumba. Chunya huvuta vijana kwenye dhahabu, Mufindi huwavuta kwenye mbao na chai, na wasichana wa Iringa na Njombe wamekuwa wakichukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani mijini kwa vizazi sasa. Lakini nusu ya pili inatoka shuleni kwenyewe. Mzazi mmoja wa Usangu aliwahi kuniambia, bila kutafuta maneno, kwamba mwanawe wa darasa la tano alikuwa akienda shule siku tatu anacheza, siku mbili anafundishwa, na kwamba yeye kama mzazi alichagua zile siku tatu ndizo za ndege. Unaweza kumlaumu mzazi huyo, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inakuruhusu kumlaumu, lakini huwezi kusema hajui hesabu. Alikuwa amepima thamani ya siku ya shule na kuiona ndogo, na iliyoifanya iwe ndogo ni upungufu wa walimu. Mpunguzie mwalimu mwingine na siku zile mbili zitakuwa moja. Mwakani mahudhurio yatashuka tena, na kanuni, kwa uaminifu wake wote, itadai mwalimu wa tatu.

Hapa kuna jambo la haki pia linalosahaulika. Adhabu ya kanuni hii haimfikii mtoro. Mtoro yuko shambani. Anayebaki na darasa lisilo na mwalimu ni yule msichana wa darasa la sita aliyetembea kilomita tano kwenye ukungu wa Makete mwezi wa Juni, akafika, akaitika jina lake, akahesabiwa. Yeye ametimiza kila alichoagizwa, na bado ndiye atakayefunga mwaka bila kumaliza mada za Sayansi kwa sababu wenzake hawakuja.

Tuiangalie hoja ya wanafunzi hewa, ambayo kwa mtazamo wa kwanza inashawishi. Inadai kwamba daftari la kuandikisha hudanganya, hivyo tutumie daftari la mahudhurio. Kwa mtu aliyewahi kuyashika madaftari hayo mawili, hoja hii imesimama kichwa chini. Uandikishaji ni dai la kudumu: jina fulani, la mtoto wa fulani, wa kitongoji fulani, ni mwanafunzi wa shule hii. Dai hilo linaweza kuhakikiwa leo, kesho au baada ya miezi sita; siku hizi mwanafunzi ana namba yake katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, na jina likijitokeza shule mbili inawezekana kuligundua. Mahudhurio ni dai la siku moja iliyokwisha kupita. Nani atathibitisha Ijumaa kwamba Jumanne darasa la nne lilikuwa na watoto 31 na si 38? Alama iliyowekwa kwenye daftari, au kidole kilichogusa kishikwambi, haviachi ushahidi mwingine wowote. Mwalimu ambaye anajua kwamba alama hizo ndizo zitakazoamua kama mwenzake wa ofisi ya jirani atahamishwa, atavutwa kuziongeza, na sidhani kama wengi wetu tungevumilia jaribu hilo muda mrefu. Tutakuwa tumeacha takwimu inayohakikika na kukimbilia isiyohakikika, tena tutakuwa tumeiharibu takwimu ambayo hadi leo ni ya kuaminika kiasi kwa sababu tu hakuna aliyefaidika kwa kuidanganyia.

Na hilo halihitaji kubuniwa. Uingereza ilianza mwaka 1862 kulipa shule za msingi kwa wastani wa mahudhurio na kwa kufaulu mtihani wa mkaguzi. Siku ya ukaguzi watoto wagonjwa waliletwa darasani, madaftari yakapakwa rangi, na mfumo wenyewe ukaachwa kabla ya karne ile kwisha. Huko Marekani, majimbo ya Texas na California hadi leo hugawa sehemu kubwa ya fedha za shule kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku, na wanaoulalamikia utaratibu huo ni hasa wilaya za watu maskini, ambako watoto huugua zaidi, huhama zaidi na hivyo hukosa shule zaidi. UVIKO-19 ilipofunga shule mwaka 2020, California yenyewe ilibidi irudi kwenye takwimu za kabla ya janga ili shule zisifilisike. Ikumbukwe kwamba wao husogeza fedha, na fedha inaweza kurejeshwa mwaka unaofuata. Sisi tungesogeza mtu. Mwalimu akihamishwa na mwajiri anastahili posho ya uhamisho, ana mwenza na watoto, ana shamba alilokodi; akishaondoka kijijini, mahudhurio yakipanda muhula ujao, hakuna atakayemrudisha kwa haraka ileile. Madai ya uhamisho yasiyolipwa ni wimbo wa zamani katika utumishi wa walimu, na kanuni inayotaka walimu wapande na kushuka kwa kufuata takwimu ya mahudhurio ingezalisha madai mapya kila mwaka.

Kuna ugumu mwingine ambao mtu wa Dar es Salaam anaweza asiufikirie, lakini mtu wa Tukuyu anaujua: mahudhurio ya lini? Takwimu za mwaka za shule hukusanywa mwezi wa Machi. Machi ni wakati ambao Rungwe, mojawapo ya wilaya zinazopata mvua nyingi kuliko karibu zote nchini, iko katikati ya mvua zake; madaraja ya miti huzama, na mzazi mwenye akili timamu hamruhusu mtoto wa darasa la kwanza avuke mto uliojaa. Kyela iliyo chini yake hupokea maji hayo yote na kufurika kuelekea Aprili na Mei. Wakati huohuo Isimani, iliyo kavu, watoto wanatembea barabarani bila shida. Badili kipimo kiwe cha Juni na Rungwe itapumua, ila Makete itakuwa kwenye baridi yake na Usangu kwenye mavuno. Hakuna mwezi ulio sawa kwa wote, na wastani wa mwaka mzima, ambao ndio ungekuwa wa haki kiasi, hupatikana mwaka ukiwa umekwisha, baada ya bajeti ya mishahara kupangwa. Kwa hiyo kanuni itakayoonekana ni ya kitaifa na isiyobagua ingegawa walimu, kwa sehemu, kwa kufuata kalenda ya mvua na ndege.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ambayo kwa bahati mbaya ndiyo husemwa kwa sauti kubwa, ni ya motisha: kwamba mwalimu mkuu na serikali ya kijiji wakijua kuwa watapoteza mwalimu mahudhurio yakishuka, watawafuata watoro nyumba kwa nyumba. Hoja hii inadhani kwamba wanaoadhibiwa ndio wenye uwezo wa kubadili hali. Mwalimu mkuu hana mamlaka juu ya bei ya mpunga, wala juu ya mto, wala juu ya ajenti anayekuja kuchukua wasichana kwa ahadi ya mshahara mjini. Uwezo wa kumfikisha mzazi mbele ya baraza la kata au mahakama upo kwa mtendaji, na mtendaji hapotezi chochote mwalimu akihamishwa. Zaidi ya hapo, mwenye kufuata watoro ni mwalimu. Mwalimu wa darasa ndiye anayejua kwamba mtoto fulani ameanza kukosa Jumatatu, siku ya mnada, na ndiye anayepita kwao jioni kuuliza. Ukitaka watoro wafuatwe kisha ukapunguza wafuataji, sijui umetarajia nini. Motisha ya namna hii ingefaa kama tungekuwa na ushahidi kwamba shule za vijijini zina walimu wa kutosha waliokaa tu. Na hata hapo ushahidi tulionao unaelekeza kwingine. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 uliokuta karibu nusu ya walimu wa Tanzania hawamo darasani wakati wa kipindi ulikuta pia kwamba wengi wao walikuwapo ndani ya eneo la shule. Hilo ni tatizo la kweli, na ni la usimamizi wa walimu waliopo. Mahudhurio ya watoto hayalipimi wala hayalitibu.

Nilisema nitamrudia mwalimu wa mjini mwenye watoto mia. Kosa la kanuni hii ni kudhani kwamba mwalimu anayemhitaji amefichwa kule kijijini. Mara nyingi yuko karibu zaidi. Mtu yeyote anayesafiri kwenye barabara ya TANZAM kutoka Mafinga hadi Tunduma anajua kwamba walimu huvutwa na lami: kuna umeme, kuna zahanati, kuna mtandao, mwenza anafanya kazi mjini, na maombi ya kuhamia huko hayaishi. Ndani ya halmashauri moja utakuta shule ya kandokando ya lami imezidi ikama na shule ya kilomita thelathini ndani ina walimu watatu na mmoja wa kujitolea anayelipwa na wazazi kwa debe la mahindi. Kusawazisha hali hiyo hakuhitaji kipimo kipya. Uwiano wa walioandikishwa unaiona vizuri kabisa. Serikali ilishalijua hilo muongo mmoja uliopita, ndiyo maana programu ya Lipa kulingana na Matokeo, EP4R, iliweka mgawanyo wa walimu ndani ya halmashauri kuwa mojawapo ya mambo ambayo fedha za wafadhili zilitolewa kwayo. Tulichokosa ni utashi wa kuwaambia watu wanaofahamika majina kwamba wahame, na fedha ya kuwalipa wakihama. Nashuku kwamba sehemu ya mvuto wa kanuni ya mahudhurio ni kwamba inawaondolea maafisa uzito huo: takwimu itaamua, nani atabishana na takwimu? Sehemu nyingine ya tatizo la mjini, niseme wazi, haitibiwi na mgawanyo wowote ule. Walimu ni wachache kuliko mahitaji, na ufumbuzi wake ni ajira mpya.

Upo msingi wa kisheria ambao ungepaswa kutangulia hesabu zote hizi. Sheria ya Elimu inamtaka kila mtoto aliyefikia umri aandikishwe na ahudhurie hadi amalize elimu ya msingi, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mapema mwaka 2025, inaupanua wajibu huo kuwa miaka kumi. Elimu ikiwa ya lazima, kutokuwapo kwa mtoto hakufuti haki yake. Kunaongeza wajibu wa serikali wa kumtafuta. Tumeshalikubali hilo kwa vitendo: tangu mwishoni mwa mwaka 2021 wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi. Mtoto huyo akirejea atakuta nini, ikiwa kutokuwapo kwake kulishatumika kumhamishia mwalimu wake shule nyingine? Vilevile madarasa 3,000 ya shule shikizi yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO-19 yalijengwa kwa sababu watoto walikuwa mbali mno kuhudhuria shule mama. Shule shikizi kwa asili yake ni ndogo, na mahudhurio yake hujengeka polepole kadiri wazazi wanavyoanza kuiamini. Kuipima kwa waliohudhuria katika miaka yake ya mwanzo ni kuifunga kabla haijafunguka sawasawa.

Hayo yote hayana maana kwamba takwimu za mahudhurio zibaki ubaoni. Zitumike, ila kwa swali lingine. Shule ambayo mahudhurio yake yameshuka chini ya majirani zake wa kata moja, katika msimu uleule, inapaswa kuwa ya kwanza kutembelewa, na anayeitembelea aende na maswali ya kawaida kabisa: kuna walimu wangapi, uji unapikwa, mto unavukwaje, ni nani anachukua watoto. Mara nyingi jibu litakuwa kuongeza mwalimu, pengine kusogeza likizo ndogo iangukie mavuno ya eneo hilo, pengine kumwita mtendaji ajieleze. Na ikama yenyewe iwe na sakafu: shule yenye mkondo mmoja wa madarasa kamili isipungukiwe walimu chini ya idadi ya madarasa yake, hata uwiano wa moja kwa 45 ukisema vingine. Gharama yake ni kubwa, sikatai, na kwa halmashauri kama Chunya au Mbarali zenye shule nyingi ndogo zilizotawanyika itaonekana mapema kwenye vitabu.

Uamuzi huu una muda wake. Kwa mpango wa serikali, mwaka 2027 darasa la sita na la saba yatamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza. Shule za msingi zitabaki na madarasa sita. Ile shule yetu ya wanafunzi 252 itakuwa na 216, na hesabu ya walioandikishwa itaipa walimu watano kwa madarasa sita. Ikipigwa kwa mahudhurio ya asilimia 75 itapewa wanne, kwa kuanzia 3.6 na kwa hisani ya kukamilisha namba. Wakati huohuo sekondari zitakuwa zinalia kwa upungufu wa walimu kuliko wakati wowote, na mkono wa kwanza utakaonyooshwa utanyooshwa kuelekea msingi, kwa walimu wenye shahada wanaofundisha huko. Halmashauri zitakapokaa kuandaa makisio ya ikama na mishahara ya mwaka wa fedha 2027/28, ziwe zimeshaamua ni idadi gani ya walimu ambayo chini yake shule ya kijiji haitaguswa, na kuiandika.